Kofia Huanza na Ukili

Mlioniita hapa Cimpunda mlitaka nizungumzie kofia za majani zinazosukwa kwa mkono, na kama kazi hiyo inaweza kumlisha mtu katika mtaa wetu. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja, na nalitaja sasa hivi ili atakayenipinga ajue mapema pa kunipingia. Kofia isiwe kitu cha kwanza tunachonunua kutoka mikononi mwa mama. Cha kwanza kiwe ukili. Anayesuka ukili alipwe siku aliyoumaliza, kwa urefu wake, kabla haijajulikana kama kofia itapata mnunuzi au la. Tena kofia ikishauzwa, msukaji yule yule awe na fungu lake ndani ya bei. Vikundi vya ufundi katika komine hii ya Kadutu, hapa Bukavu, vimezaliwa na kufa mbele ya macho yetu, na vingi vilikufa kwa njia moja: mama alifanya kazi wiki baada ya wiki, kitu chake kikakaa rafuni kikingojea mgeni, mgeni asije. Mtoto mwenye njaa hangojei mgeni.

Ukili ni utepe wa majani yaliyosukwa, upana wake vidole viwili hivi, urefu wake kadiri msukaji atakavyo. Huu nilio nao mkononi ni wa Unguja. Huko pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na visiwani Unguja na Pemba, mkeka wa kulalia, msala wa kusalia, kikapu cha sokoni, kawa la kufunikia chakula na ile kofia pana ya jua waiitayo pama, vyote hutoka katika utepe kama huu. Mtu hakai chini akasuka mkeka. Husuka ukili, pima baada ya pima, na pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Akitosheka na urefu, huukunja kama gurudumu akauweka pembeni, kisha yeye mwenyewe au mwingine huushona ukawa kitu. Kwa hiyo huko ukili ni mali hata kabla haujawa chochote. Hununuliwa kwa pima, na aliyeusuka hana haja ya kujua utakuwa mkeka au kofia.

Majani ya kusukia ukili huo huitwa ukindu, na hutoka kwenye mkindu, mtende wa porini. Jani hukatwa likiwa bado changa, limejifunga kama upanga ndani ya ala, kwa sababu likishafunguka na kupigwa jua juu ya mti hukakamaa, na ukilikunja linavunjika. Huanikwa mpaka lipoteze ubichi na kuwa jeupe. Kisha huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya sindano, na kila kipande huitwa chane. Hapa ndipo ubora wa kofia unapoamuliwa, wala si kwenye kushona. Chane moja ikiwa pana kuliko mwenzake kwa unene wa uzi tu, ukili mzima unapinda upande, na hakuna mshonaji atakayeunyoosha. Chane zinazotakiwa rangi huchemshwa ndani yake. Wakati wa kusuka hulainishwa kwa maji kidogo, vidole vikiwa na unyevu muda wote.

Sogeeni mtazame. Hapa chane ni saba, zote zimelala mshazari. Ile ya ukingoni upande wa kulia hukunjwa, ikapita chini ya jirani yake, juu ya inayofuata, chini tena, mpaka ikafika katikati. Kisha ile ya ukingoni upande wa kushoto hufanya vivyo hivyo. Ndiyo hiyo tu, kulia na kushoto, mpaka jua lizame. Lakini chane ni fupi, na ukili ni mrefu. Chane inapokaribia kwisha, nyingine hulazwa juu yake, zikaenda pamoja hatua mbili tatu, na ncha zikaachwa zitokeze nyuma ili zikatwe baadaye. Msukaji mzuri hapangi viungo vyake vikutane. Kimoja kikiwa hapa, cha pili kitakuwa mbele kidogo, cha tatu mbele zaidi. Geuzeni huu muone upande wa nyuma: ncha zilizokatwa zimetawanyika kote, hakuna mahali zilipojikusanya. Mnunuzi anayejua ukili huugeuza kwanza nyuma ndipo aulize bei, maana viungo vikiangukia mahali pamoja, pale ndipo utakapokatika.

Sasa kofia. Mshonaji huanza na utosi. Huulowesha mwanzo wa ukili, huukunja ukawa kifundo bapa, kisha huuzungusha, kila duara likilalia lililotangulia kwa nusu sentimita, na sindano ikipita palipolaliana. Utosi ukifikia upana wa kichwa, huacha kuutanua. Huuvuta ukili na kuukaza ili duara linalofuata lisizidi lililopita, na kuta za kofia zikaanza kushuka zenyewe. Akitaka ukingo, huulegeza tena, ukatoka nje duara kwa duara. Hana kalibu wala mashine, kofia yote inapata umbo lake kwa kukaza na kulegeza. Kazi hii yataka jicho, lakini haichukui muda mrefu.

Nimepiga hesabu ili tusizungumze hewani. Chukueni kichwa chenye mzunguko wa sentimita 57, kofia yenye kina cha sentimita 10 na ukingo wa sentimita 7 na nusu. Ukili wa sentimita 2, ukiondoa nusu sentimita inayolaliana, unafunika sentimita moja na nusu kila duara. Ukijumlisha utosi, kuta na ukingo, unahitaji kama mita 9 na nusu. Tuseme 10, kwa sababu kuna kinachokatwa. Mita 10 za ukili ni zaidi kidogo ya pima tano. Mwenye kofia mkononi anaona kofia moja. Ndani yake mna mita 10 za vidole kwenda kulia na kushoto, na kabla ya hizo kukata, kuanika na kuchana. Sehemu kubwa kabisa ya kazi imekwisha kufanyika sindano ya kwanza inapochoma. Ndiyo maana nasema malipo yafuate kazi ilipo.

Najua kuna atakayesema kofia ya majani ni jambo la watu wa bahari, sisi wa mlimani inatuhusu nini. Nchi hii imesuka kofia tangu zamani. Georg Schweinfurth, msafiri Mjerumani, alipofika kwa Mbunza, mfalme wa Wamangbetu, mwaka 1870, alikuta wanaume wakivaa kofia zilizofumwa kwa matete, zimepambwa manyoya ya kasuku na kushikizwa kwenye nywele kwa pini ndefu. Wakuba wa Kasai walisuka kofia ndogo za rafia, na mwanamume hakuivaa mpaka awe amepitia jando. Bushi, nchi ya Washi, nayo ina ishungwe, taji la Mwami, na hakuna Mshi anayehitaji kuelezwa uzito wake.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko ndani ya jimbo letu lenyewe, kwa ndugu zetu Warega wa Mwenga na Shabunda. Chama chao cha Bwami kilimpandisha mtu daraja baada ya daraja, kwa mafundisho, kwa methali na kwa kugawa mali, na daraja lake lilionekana kichwani. Msingi wa kofia ile ni kazi ya kusuka: nyuzi za mimea zilizofumwa zikakaa sawasawa na fuvu la mwenyewe. Juu ya msingi huo zilishonwa simbi, shanga, na kwa wale wa daraja la juu kabisa, la kindi, mkia wa tembo. Mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyeishi kati yao katika miaka ya 1950 na kuandika kitabu Lega Culture, kilichotoka mwaka 1973, alionyesha jinsi kila kitu cha Bwami kilivyobeba fundisho. Serikali ya kikoloni ilikipiga chama hicho marufuku mwaka 1948. Kofia nyingi ziliondoka, na leo ziko kwenye makabati ya vioo Tervuren, karibu na Brussels, na katika majumba mengine ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mnaopata nafasi ya kuona picha zake, tazameni zile zilizoshonewa vifungo vya shati mahali pa simbi. Fundi alipata kitu kipya kinachong'aa, akakipa kazi ya kile cha zamani, na mwenye daraja akaivaa bila kupungukiwa heshima. Nalitaja hili kwa sababu kuna wanaotaka ufundi wa asili uganda palepale ulipokuwa. Mafundi wa Urega hawakuwa na woga huo.

Basi tuje hapa tulipo. Mikono ipo. Tazameni ngata ambayo mama anajipigia kwa majani makavu ya mgomba kabla hajajitwika ndoo: anakunja, anazungusha, anapitisha ncha chini na kukaza, kwa muda wa kusalimiana na jirani tu. Tazameni mabinti wanaosuka nywele mbele ya milango kutoka hapa hadi soko la Kadutu. Anayeweza kugawa nywele mafungu yaliyo sawa, akaongeza rasta katikati ya msuko bila kiungo kuonekana, ameshajifunza nusu ya ukili. Anachohitaji ni kuzoea jani, ambalo halisamehe kama nywele. Na hapa hapa Bukavu kampuni ya Plastycor, iliyoanzishwa na Nicole Menemene, inachukua plastiki iliyookotwa ufukweni mwa Kivu, ile inayoteremka hadi kuziba bwawa la Ruzizi na kutuletea giza, inaikata nyuzi nyuzi na kusuka vikapu na vigoda. Sikubaliani na wanaosema hiyo si sanaa kwa kuwa si jani. Chupa iliyochanwa utepe ni chane, na vidole vinavyoisuka ni vidole vya msukaji. Kofia ya plastiki singemshauri mtu, kichwa kingechemka, lakini shule ya mikono tayari ipo.

Malighafi ndiyo inayonikosesha usingizi, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Mkindu haumei kwenye mteremko wa Cimpunda. Mafunjo ya mabondeni ni mazuri kwa mkeka wa kufungwa kwa kamba, ila ganda lake ni gumu, halikunjiki kwa ukili mwembamba, na mabonde yenyewe mengi yameshakaushwa yalimwe. Mianzi ya upande wa Kahuzi inatoa vitunga imara, lakini kofia yake ingekuwa kitunga kilichofunikwa kichwani, tena msitu ule ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970. Uzi wa mgomba tunao tele, maana Bushi ni nchi ya ndizi. Ni laini, unasukika, unapendeza. Kasoro yake ni maji. Mvua yetu huanza Septemba, haituachi mpaka Mei, na uzi wa mgomba ukilowa na kukaa bila kuanikwa hushika ukungu. Kwa hiyo ungefaa kofia za kiangazi, Juni hadi Agosti, na za kuvaliwa na mtu mwenye pa kuzianika.

Tumaini langu liko chini, bondeni. Ukishuka mteremko wa Ngomo hadi Kamanyola unaingia uwanda wa Ruzizi, na uwanda huo ni nchi nyingine: joto, vumbi, na mitende. Upande wa Burundi, ndani ya hifadhi ya Rusizi, wamelinda msitu mzima wa mikoche, na mkoche ni wa ukoo mmoja na ile mikoma inayowapa watu wa pwani miyaa ya mikeka na makanda. Jani lake changa hukatwa, huanikwa na kuchanwa kama la mkindu. Sisemi tukaukate msitu wa jirani. Nasema mmea wa kazi hii unajulikana, unaota katika bonde letu, na ukipandwa kwa makusudi kwenye mipaka ya mashamba ya uwandani utatoa majani mwaka hata mwaka, mradi anayekata anaacha kikonyo cha katikati kiendelee kuchipua. Malori yanapanda kila siku kutoka Kamanyola na mchele na nyanya. Mzigo wa majani makavu ni mwepesi.

Kupanda kwa makusudi si ndoto. Mwanzoni mwa karne ya 18, huko Signa, katika mkoa wa Toscana, jirani ya mji wa Florence nchini Italia, mtu aitwaye Domenico Michelacci alianza kupanda ngano ambayo haikuwa ya kuliwa. Mbegu zilimwagwa zikibanana ili mabua yarefuke membamba, na mimea ikang'olewa kabla nafaka haijakomaa. Majirani bila shaka walimshangaa mtu anayeng'oa ngano mbichi. Kutokana na mabua yale zilitoka kofia zilizovaliwa Ulaya nzima. Hakuwa anatafuta matumizi ya takataka za shamba. Alianza na kofia, ndipo akapanda mmea unaoitosha.

Kutoka huko huko Toscana, na kutoka Uingereza, tunapata pia onyo, na ningekuwa nawakosea kama ningelificha, kwa sababu linagusa sharti langu lenyewe. Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Luton, kaskazini ya London, wanawake kwa maelfu walisuka ukili wa mabua ya ngano na kuuza sokoni, na mwaka 1869 mji ulijenga majumba maalumu ya soko hilo. Walilipwa kwa urefu, kama nilivyopendekeza. Mama aliweza kusuka akitembea, akichunga, akingojea chungu kichemke. Lakini kwanza, tamaa ya urefu iliwaingiza watoto. Kulikuwa na vyumba vilivyoitwa shule ambamo watoto wa miaka minne mitano walibanwa kutwa wakisuka, na kusoma kukawa jina tu. Pili, waliouza ukili peke yake hawakuwa na neno juu ya kofia. Meli zilipoanza kuleta ukili wa bei nafuu kutoka China, na baadaye Japani, wenye viwanda vya kofia wa Luton walibadilisha muuzaji na kuendelea na kazi. Sensa ya mwaka 1871 ilihesabu wasukaji wanawake zaidi ya 20,000 katika Bedfordshire peke yake. Ya mwaka 1901 haikupata hata 500. Mji wa kofia ulibaki, na timu yake ya mpira hadi leo huitwa kwa jina la watengeneza kofia. Vijiji vya ukili vilinyamaza. Na kule Toscana, bei ya ukili iliposhushwa mpaka haitoshi mkate, wasukaji wenyewe waligoma, Mei 1896, wanawake wakaziba barabara na kusimamisha tramu. Walikuwa na haki, na walikuwa wamechelewa, kwa sababu mahali pa kuamua bei palikuwa pameshahamia kwa wafanyabiashara.

Ndiyo maana nimesema malipo ya pima hayatoshi bila fungu. Pima inamlinda mama leo, fungu linamlinda kesho. Kofia ikishonwa Cimpunda na mshonaji wa Cimpunda, na daftari moja likaandika ukili wa nani uko ndani yake, hakuna atakayeweza kumruka. Hata watoto nawataja hapa waziwazi: daftari lisipokee ukili wa mtoto saa za masomo, na mwalimu wa shule ya jirani awe na ruhusa ya kulifungua.

Mtaniuliza kwa nini nisiwapeleke kwenye kofia maarufu kuliko zote, ile inayoitwa Panama na inayotoka Ekuado, kwenye miji kama Montecristi. UNESCO iliiandika mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ile haitokani na ukili. Husukwa nzima kutoka utosini hadi ukingoni kwa nyuzi za mmea wa toquilla, na kwa ubora wake unaopishana huchukua siku moja hadi miezi minane. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini msukaji hawezi kulipwa robo ya kofia, na wa vijijini mara nyingi huiuza haijamalizika kwa mtu wa kati anayejua bei ambayo yeye haijui. Mtaa ambao watu wake hula kwa walichopata asubuhi hauwezi kuanzia hapo. Kwenye ukili, zaidi ya hayo, kuna kinga nyingine: kofia zisiponunuliwa mwezi huu, gurudumu lile lile la ukili linakuwa kikapu. Amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ilitiwa sahihi Kinshasa tarehe 30 Desemba 2017, Rwanda walishaipiga marufuku tangu 2008, na mnaovuka mpaka wa Ruzizi mnajua jinsi mifuko inavyonyang'anywa. Kikapu kina mnunuzi hata siku ya mvua.

Niseme neno juu ya moto, maana nyumba zetu nyingi ni za mbao, ukuta wa mmoja ni ukuta wa mwenzake, na Kadutu imeungua mara nyingi mno. Majani makavu ni kuni nyembamba. Mzigo wa ukindu usilale kwenye chumba chenye mbabula, jiko la makaa, wala chenye mshumaa. Kila msukaji achukue nyumbani fungu la siku moja au mbili, mengine yahifadhiwe kwenye jengo la matofali, na nadhani parokia au shule haitakosa kona. Wala mtu asishawishike kung'arisha majani kwa moshi wa salfa kama walivyofanya viwanda vya Ulaya. Jua la kiangazi linang'arisha bure.

Na sasa mnunuzi. Wengi humfikiria mtalii kwanza. Mimi namfikiria wa mwisho. Mama anayebeba mizigo kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso hawezi kuvaa kofia yetu, na wavuvi wa sambaza wako ziwani usiku. Lakini mama aliyekaa chini na meza yake ya nyanya kutoka asubuhi hadi jioni, fundi wa matofali, mlimaji wa Kabare, hawa wako juani kutwa, na kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari jua lina ukali ambao ubaridi wa hewa unauficha.

Juu ya wote namweka mtoto mwenye ualbino. Ngozi yake haina kinga ambayo yetu inayo, na saratani ya ngozi inawaua vijana wenye ualbino katika Afrika yetu wakiwa na umri ambao wenzao wanaoa na kuolewa. Madaktari wanapendekeza kofia yenye ukingo usiopungua sentimita 7 na nusu, kuzunguka kichwa chote, na ndiyo sababu nilitumia kipimo hicho kwenye hesabu yangu. Kofia yenye ukingo wa mbele peke yake, ile ya michezo, inafunika paji na kuacha masikio na shingo, na masikio na shingo ndipo jua linapoanza kula. Upana peke yake hautoshi. Chukueni kofia ya dukani ya kuigiza majani, moja ya hizi za karatasi na nailoni, muiinue kuelekea dirishani. Mnaona nuru inavyopenya, nukta nukta? Nukta hizo zitaanguka kwenye shavu la mtoto. Sasa inueni hii pama, chane zake nyembamba zimebanwa. Giza tupu. Kwa mtoto yule tofauti ya kofia hizi mbili si ya urembo, na mzazi wake anastahili kuuziwa ile ya pili kwa bei ya ile ya kwanza. Fedha za kufidia zinaweza kutoka kwenye kofia za wenye uwezo, za wageni, za maharusi, za wanakwaya. Tukubaliane tu mapema, isije ikawa huruma ya siku moja.

Napendekeza basi tuanze hivi. Ukili wa kwanza uwe wa chane saba, upana sentimita 2, wala tusiruhusu aina ya pili mpaka mikono yote izoee hii. Kipimo kiwe kijiti kimoja cha mita moja, kilichokatwa mbele ya wote na kutunzwa na mtu asiyesuka, kwa sababu pima ya mtu mrefu na ya mtu mfupi hazilingani na ugomvi hauko mbali. Anayepokea augeuze ukili nyuma, mbele ya mwenyewe, ndipo aandike. Kofia ya kwanza ipimwe juani kabla haijauzwa, iinuliwe tu hivi nilivyoinua, na ikionyesha nukta ikafumuliwe ukili urudi kwenye kikapu. Wasusi wa nywele waliokuja leo, nawaomba mbaki, tuna chane za kutosha kila mmoja kujaribu. Na bei ya ukili isipangwe na mimi wala na waliotoa nauli yangu. Wasukaji wakae upande huu, waizungumze wenyewe kwanza, kisha watuite.